Jikoni kwa Shangazi: Kalori nahesabu, lakini sufuria ni ya watu watano

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka saba na wa kiume minne. Nina miaka 38, urefu sentimita 160, na mara ya mwisho nilipopanda mizani ya duka la dawa ilisoma kilo 84. Tunaishi Mbezi, na kazi yangu ni mapokezi katika ofisi moja Posta. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili niko Kimara napigania mwendokasi, na kurudi nyumbani ni saa mbili usiku, foleni ikizidi saa tatu.

Nilipakua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Ikaniuliza maswali yake, ikanipangia kalori 1,200 kwa siku. Nilivumilia siku tisa. Vyakula vya Kizungu imejaza tele, makande haina, kisamvu haina, na ukiandika ugali inakuletea majibu manne yasiyofanana. Siku ya kumi nikashikwa na kizunguzungu ndani ya basi, msichana mmoja akanipisha kiti akidhani nina mimba. Niliposhuka nilinunua chipsi kuku nikala nimesimama. Tangu siku hiyo programu sijaifungua.

Asubuhi nyumbani nakunywa chai tu. Saa nne ofisini chapati mbili na maharage. Mchana wali wa mama lishe. Usiku nakula alichopika dada, wote watano mezani. Mume wangu anasema nikikonda watu watasema hanilishi. Hivi, Shangazi, kuhesabu kalori ni kwa mtu anayejipikia na kula peke yake? Sina muda wa kujipikia chungu changu pembeni, na hata nikiupata sitaki.

Mama wa Wawili, Mbezi, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Yule msichana wa kwenye basi Mungu amzidishie, maana kizunguzungu chako hakikuwa uvivu wala udhaifu wa nia. Kilikuwa njaa.

Sisi watu wa lishe tunatumia kanuni moja ya tangu mwaka 1990. Chukua uzito wako zidisha kwa 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, na kwa mwanamke toa tena 161. Kwako inatoka 1,489. Hiyo ndiyo nishati ambayo mwili wako ungetumia hata ukilala kitandani kutwa nzima: moyo upige, ini lifanye kazi, joto lisishuke. Sasa weka na kusimama kituoni, ngazi za ofisini na kumbeba wa miaka minne akigoma kutembea. Zidisha kwa 1.4, unapata karibu 2,080. Programu yako ilikupa 1,200, chini hata ya mahitaji ya mtu aliyelala. Nadhani uliiambia unataka kupungua haraka, nayo ikakutii. Mimi ningekuweka 1,600. Kanuni yenyewe ni makadirio, inaweza kupishana na mwili wako kwa mia moja au mia mbili, na mizani ya wiki nne ndiyo itakayoisahihisha.

(Kwa wasomaji wanaoniandikia kila mwezi kuuliza: ndiyo, kitu tunachokiita kalori mtaani ni kilokalori kitaalamu. Kwenye pakiti huandikwa kcal. Ni kitu kilekile, msigombane.)

Na mimi nikukiri jambo. Nilifanya kazi ya uafisa lishe katika hospitali ya wilaya nikiwa na kilo 92. Wodini kalori nilizijua kama namba yangu ya simu, ila zilikuwa za kunenepesha. Maziwa ya F-75, ya kutibia watoto wenye utapiamlo mkali, yana kilokalori 75 kila mililita 100, F-100 yana 100, na pakiti ya chakula dawa, ile ya karanga ya gramu 92, ina 500. Nilikuwa nawapigia kina mama hesabu hizo kwa kila kilo ya mtoto, kisha narudi chumba cha wauguzi saa nne kwenye sinia la maandazi. Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka 41, nilipima maandazi mawili na kikombe changu cha chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Maandazi kama 400, chai kama 100. Jumla 500. Pakiti nzima ya chakula dawa, ile tunayomtibia mtoto aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, na mimi nilikuwa naiita kitafunwa. Bado nilikuwa na chakula cha mchana, na cha usiku, na watoto watatu wa shule nyumbani wenye makombo.

Kwa hiyo hesabu inafanya kazi. Tatizo lako ni kwamba umeianzia kwenye sahani, na sahani ya Mswahili haina lebo. Mwenzako wa Ulaya anafungua kopo, limeandikwa. Wewe umepakuliwa kutoka sufuria ambayo hukuipika, utajuaje? Anzia stoo. Kinachotoka stoo unakijua, kwa kuwa unakinunua wewe.

Tuanze na mafuta ya kupikia, tena wiki mbili za mwanzo usiguse kingine. Mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya bei yoyote, yana kilokalori 9 kila gramu, wakati wanga na protini zina 4. Kijiko kimoja cha chakula ni karibu 120. Lita moja ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo ina kama kilokalori 8,280. Wewe hukuniambia dumu la lita tano linawakalia muda gani, lakini nyumba ninazozijua za watu watano ni wiki tatu. Piga: 41,400 gawa kwa siku 21, gawa kwa watu watano. Karibu 394 kwa kila mtu kwa siku. Watoto hula kidogo kuliko nyie, na mengine hubaki kwenye karai, lakini hata ukipunguza robo bado kuna kama mia tatu ambazo hakuna aliyeziona, wala hazikumshibisha mtu.

Chukua selotepu, bandika wima kwenye dumu jipya, andika tarehe ya leo kwa kalamu pale mafuta yalipofika. Kila Jumapili usiku piga mstari mpya. Hiyo tu. Usiseme neno kwa wiki ya kwanza, angalia mistari inavyoachana. Nyumbani kwangu tulipoanza, wiki ya kwanza tulishuka lita moja na nusu na ushee, na mimi nilikuwa nimeapa mbele ya mama mkwe kwamba kwangu tunapikia mafuta kidogo.

Halafu zungumza na dada. Naomba uzungumze naye vizuri, maana najua jinsi mambo haya yanavyoharibika: bosi anakuja na karatasi aliyoitoa kwenye simu, anaibandika jikoni, dada ananuna, mboga zinaanza kuchemshwa na maji kama za mgonjwa. Dada anamimina kwa macho kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na chakula chake mmekuwa mkikisifu. Mpe kijiko cha chakula kimoja kikae juu ya mfuniko wa dumu, na mkubaliane: mboga ya watu watano vijiko vitatu. Kwa mchicha vijiko vitatu vinatosha kabisa, kitunguu kinaiva vizuri ukiwasha moto mdogo na kuongeza maji kidogo kikianza kushika. Siku ya kukaanga samaki, kaangeni kwa raha zenu. Mkifikisha dumu moja wiki tano badala ya tatu, kila mtu ameokoa kama 157 kwa siku, na hakuna aliyekula chakula cha peke yake. Pesa ya dumu lililobaki mpe dada. Nimesema kwa makusudi.

Sasa ugali, ambao programu ilikupa majibu manne. Majibu yote manne yanaweza kuwa ya kweli, kwa sababu kuna ugali mlaini wa mgonjwa na kuna ule unaosimamisha mwiko. Maji hayana kalori. Unga ndio unao, kama 360 kila gramu 100. Basi siku moja ya mapumziko, moja tu, simama jikoni na mizani ndogo ya jikoni. Yangu niliinunua Kariakoo kwa bei ya kuku wa kienyeji na bado inafanya kazi. Pima unga kabla haujaingia kwenye maji. Tuseme ni gramu 600: hiyo ni 2,160. Ugali ukiiva, upime mzima. Ukikuta kilo moja na gramu 800, basi kila gramu 100 ya ugali wa nyumba yenu ina 120. Andika ukutani nyuma ya mlango. Dada akisonga vilevile kila siku, na watu wa jikoni mikono yao haibadiliki hovyo, namba hiyo itakutumikia miaka. Kata kipande chako cha kawaida ukipime. Wengi hukuta 400, yaani 480. Kata cha gramu 250, upate 300. Kiangalie vizuri kilivyokaa kwenye sahani yako ya bluu au yoyote uliyo nayo, kifananishe na ngumi yako, kisha irudishe mizani kabatini. Hutapima kila siku, huna muda, na mimi sikuwa nao.

Wali fanya hivyohivyo. Makande hivyohivyo: mahindi makavu na maharage makavu vinakaribiana, vyote viko kwenye mia tatu na kitu kila gramu 100 kabla ya kupikwa, kisha nazi na mafuta juu. Kwa vingine lipo jedwali la vyakula vya Tanzania, lilitolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, lina mpaka mboga ambazo programu yako haijawahi kuzisikia. Kenya nao wana la kwao la 2018. Yanapatikana bure mtandaoni.

Saa nne ofisini. Hapa ndipo penye mzigo, mwanangu. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati kama kumi na nne za saizi ya mgahawani, ukijumlisha mafuta ya kukandia na ya kuchomea, moja ina 300 hadi 350. Mbili na bakuli la maharage yaliyoungwa hazipungui 850. Hiyo ni zaidi ya nusu ya siku yako, na inaliwa saa nne kwa sababu umeamka saa kumi na nusu ukaishia chai. Saa tano na nusu za tumbo tupu, nani asingekula mbili? Jioni ya jana yake mwambie dada achemshe mayai mawili na viazi vitamu zaidi, tena akichemshia watoto wa shule anachemsha na vyako kwenye sufuria hiyohiyo. Mayai mawili 150, kipande cha kiazi cha gramu 250 kama 200, chai yenye maziwa na kijiko kimoja cha sukari kama 50. Jumla 400. Kula kabla hujatoka, au kwenye foleni Kimara, hakuna atakayekucheka, wenzio wanakula karanga. Chapati usiiache kabisa, utaiota. Ijumaa kula moja, na maharage.

Mama lishe mjulishe mapema, kabla hajapakua: wali nusu, mboga za majani ziwe nyingi, ule mchuzi wa juu unaoelea mafuta asimwagie. Atakuuliza kama utalipa bei ileile. Lipa. Wali wa nusu sahani, kipande cha nyama au samaki, maharage na mchicha, weka 550. Ndizi mbivu saa kumi jioni, 100, hii usiiruke kwa sababu ndiyo itakayokuzuia na chipsi za kituoni. Usiku 500: kipande chako cha ugali, mboga, samaki au dagaa. Tumefika 1,550. Zimebaki 50 na nakuambia ni za nini.

Makombo. Mama mwenye watoto wadogo hali milo mitatu, anakula mitatu na nusu. Mimi nilijifanyia jaribio baya. Siku tatu, kila kitu ambacho ningekilamba kutoka sahani za wanangu nilikitia kwenye bakuli la plastiki nikakifunika. Usiku wa kwanza nilikuta nusu andazi limeng'atwa pembe zote, vipande vinne vya chipsi, ngozi ya paja la kuku, ugali wa ukubwa wa yai, na uji wa karanga kama robo kikombe. Nilipiga hesabu, ikakaribia 300. Wala sikuwa na kumbukumbu ya kula vitu hivyo siku zilizopita, mkono ulikuwa unafanya kazi peke yake huku mimi nakagua daftari la hesabu. Wapakulie kidogo, waongezwe wakitaka. Kitakachobaki weka kwenye friji au wape kuku wa jirani. Hizo 50 ni za pale utakaposahau, maana utasahau.

Kuhusu binti yako wa miaka saba: asisikie namba. Hili nalisema kwa aibu. Wangu wa kati alikuwa na miaka tisa nilipokuwa nimekolea, na siku moja mezani akasukuma sahani akaniuliza, "Mama, hii ina ngapi?" Alikuwa mwembamba kama fimbo ya mkwaju. Kuanzia usiku ule daftari langu lilihamia kwenye mkoba wa kazini, na mezani tukarudi kusema kitamu, kichungu, niongeze. Watoto wanakua, hawahesabiwi.

Mumeo hajakosea sana. Kizazi chetu tulishuhudia watu wakikonda na kuzikwa, ndiyo maana hadi leo ukipungua kilo nne jirani anakuita pembeni, "Vipi, unaumwa?" Mwambie mumeo namba moja tu: kilo 84 kwa urefu wako ni uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa karibu 33, na kuanzia 30 kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Kisha mpikie, au apikiwe, nyama yake ya Jumamosi. Mume wangu alinyamaza siku alipoona mimi niliyekuwa nikikoroma nimeacha.

Mizani ya kujipimia: asubuhi, baada ya haja, siku ileile ya wiki. Mwili unabeba maji, unaweza kupanda kilo moja au mbili karibu na hedhi au baada ya chakula chenye chumvi nyingi, na hiyo si mafuta. Kwa punguzo la karibu 480 kwa siku, karatasi inasema utapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Maisha yanasema kasoro. Mimi nilitoa kilo 17 kwa miezi 14, na katikati palikuwa na wiki tatu ambazo mizani ilisimama kama saa mbovu nikalia chooni. Baadaye zimenirudia nne, naishi nazo. Na unavyopungua, mahitaji nayo yanashuka, kwa hiyo ukifika 78 rudia ile kanuni.

Harusi, kipaimara, sherehe za jikoni: hazihesabiki, na chakula cha harusi za Dar huja saa tano usiku ukiwa na njaa ya tangu saa nane. Kula yai na ndizi kabla ya kutoka, ukifika chukua pilau lako, andika 900 hata kama umekula 1,200, lala. Kesho yake unarudi kwenye mayai na kiazi. Kosa ni kufunga kesho yake ili kulipia. Njaa ya namna hiyo ndiyo iliyokufikisha kwenye chipsi kuku za kusimama.

Hesabu kwa miezi miwili hivi, kwa daftari au kwa simu, namba za mviringo. Baada ya hapo jicho litakuwa limefunzwa. Ila mistari ya dumu usiiache.

*

Shangazi, salaam aleikum. Nimejifungua miezi minne sasa, likizo ya uzazi imekwisha, nimerudi kazini, na nguo za ofisini hazinitoshi hata moja. Mtoto ananyonya, nakamua maziwa namwachia nyanya yake. Nimeanza kujiwekea kalori 1,300 na nimeacha mahamri ya mbaazi ya asubuhi. Maziwa naona yapungua. Ni hiyo hesabu ama ni kazi?

Mama wa Mchanga, Mombasa

Aleikum salaam, mwanangu. Yaweza kuwa vyote viwili, lakini hesabu uiache leo. Sio kesho. Kunyonyesha mtoto wa umri huo kunakula karibu kilokalori 500 za ziada kila siku, na wewe badala ya kujiongezea umejipunguzia. Kula unaposikia njaa, kunywa maji kila unapokamua, na mbaazi zako zirudishe, ni protini nzuri. Hamri moja badala ya matatu, hapo sikukatazi. Samaki, maharagwe, mayai, mboga, nazi kidogo. Kazini jaribu kukamua kila baada ya saa tatu hivi, kwa sababu titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza, na hilo ndilo ninaloshuku zaidi. Uzito wa mtoto ukipanda vizuri kwenye kadi ya kliniki, hamna shida. Ukisimama, nenda kabla ya tarehe yao. Uzito wako tutauzungumza mtoto akishaanza kula vizuri na amevuka mwaka. Kwa sasa nunua sketi mbili za saizi yako ya leo. Naelewa ni gharama, lakini kujibana kwenye sketi ya mwaka jana kutwa nzima ndiko kunakokurudisha kwenye ile 1,300 kila asubuhi.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma, nina miaka 46 na watoto watatu. Nina kisukari, nameza dawa ya glibenclamide. Daktari ameniambia nipungue kilo kumi. Kalori nitazihesabuje mimi ninayekula njiani? Natumia soda nne kwa siku, wakati mwingine na kinywaji cha kuongeza nguvu, ili nisisinzie.

Baba wa Watatu, Mbeya

Marahaba, baba. Kabla ya kupunguza chochote rudi kwa daktari umwambie neno kwa neno: nataka kupunguza chakula na soda, na dawa yangu ni hiyo. Dawa za kundi hilo, na insulini, zinashusha sukari hata kama hujala. Ukimeza kipimo kilekile ukala nusu, sukari inaweza kuporomoka, na wewe uko kwenye mteremko wa Kitonga na tani thelathini nyuma. Pengine atapunguza dawa. Usibuni mwenyewe.

Ukisharuhusiwa, wewe huna haja ya kuhesabu vyakula. Hesabu chupa. Soda ya mililita 350 ina kama kilokalori 150, yaani nne ni 600, na ni sukari kama gramu 150 inayoingia kwenye damu ya mtu mwenye kisukari. Punguza moja kila wiki hadi ziishe, weka dumu la maji ya lita tano pembeni ya kiti. Soda moja ibaki kwenye lori ikiwa imefungwa, ni dawa yako: ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi au macho yakiona ukungu, simamisha gari pembeni, kunywa nusu chupa, subiri dakika kumi na tano, upime kama una kipimo, na usiondoke mpaka umekula kitu kigumu.

Njiani agiza nyama choma na ndizi mbili za kuchoma na kachumbari, chipsi zikae. Supu nzuri, ila chapati moja. Na usingizi, baba, dawa yake ni kulala. Mtu asiyelala njaa inamzidi, na anachokitamani ni sukari na mafuta. Ukipata saa mbili Makambako, funga milango ulale, soda ile iache ilipo.